Sumukuvu ndani ya damu: namna ya kupima hatari ya saratani ya ini katika jamii

Ndugu Mwenyekiti, walimu, na ninyi mnaojiandaa kwenda uwandani,

Mwulizeni mkulima wa Kitui au wa Dodoma amekula sumukuvu kiasi gani mwaka huu. Hana jibu, na si kwamba anaficha. Sumukuvu, sumu ya kuvu wa mahindi ambayo Wakenya wengi huiita aflatoksini, haionekani wala hainuki, moto wa jikoni hauimalizi, na ndani ya gunia moja punje chache zinaweza kubeba karibu sumu yote huku nyingine zikiwa safi kabisa. Atakwambia anakula ugali mara mbili kwa siku, na hilo ni kweli. Jirani yake naye anakula ugali mara mbili kwa siku. Mmoja anakula sumu, mwingine hali, na dodoso lenu limewaandika sawasawa.

Hiyo ndiyo sababu ya kutafuta viashiria vya kibiolojia: tuache kumuuliza mtu, tuulize damu yake na mkojo wake.

Ushahidi uliofungua njia ulitoka Shanghai. Kati ya 1986 na 1989 watafiti waliandikisha wanaume 18,244 wenye umri wa miaka 45 hadi 64, wakawahoji kuhusu chakula, wakachukua damu na mkojo, wakavigandisha, wakasubiri. Kufikia ripoti ya 1994 walikuwa na wagonjwa 50 wa saratani ya ini, wakawalinganisha na watu 267 wa kundi hilohilo ambao hawakuugua. Makadirio ya sumukuvu yaliyotokana na dodoso la chakula hayakuonyesha uhusiano wa kuaminika na ugonjwa. Mkojo ulionyesha. Mwenye viashiria vya sumukuvu bila virusi vya homa ya ini B, hatari yake ilikuwa mara 3.4 ya asiye na kimojawapo. Mwenye virusi bila sumukuvu, mara 7.3. Mwenye vyote viwili, mara 59.4. Zidisheni 3.4 kwa 7.3 mtapata kama 25 tu. Kwa hiyo viwili hivi vikikutana ndani ya ini moja vinafanya zaidi ya kuzidishana. Lakini angalieni pia upana wa kadirio hilo: kutoka 16.6 hadi 212. Wagonjwa 50 ni wachache mno kuwagawa mafungu manne. Mtu akiwatajia 59 bila kuwatajia upana wake, mwulizeni.

Sasa, kiashiria chenyewe ni nini? Sumukuvu aina ya B1 ikifika kwenye ini, vimeng'enya huigeuza kuwa umbo kali lisilotulia, ambalo hung'ang'ania chochote kilicho karibu. Likinasa kwenye guanini ya DNA, seli hujaribu kujirekebisha, na kipande kilichokatwa hutoka na mkojo. Likinasa kwenye lisini ya albumini, protini ya damu itengenezwayo na ini, hubaki likizunguka na damu hadi albumini hiyo ife. Kuna pia aina ya M1, ambayo mwili huitoa kwenye mkojo na kwenye maziwa ya mama anayenyonyesha. Vyote vitatu vinatoka kwenye mlo uleule, ila kila kimoja kina saa yake, na makosa mengi ya utafiti wa aina hii huanzia kwenye saa hiyo.

Mkojo unasimulia habari ya jana na juzi. Albumini inasimulia miezi miwili au mitatu, maana nusu yake huondoka kila baada ya siku 20 hivi. Fanyeni hesabu. Mtu ambaye gunia lake bovu limekwisha na ameanza kula mahindi safi, baada ya siku 20 amebaki na nusu ya kiasi cha awali, siku 40 robo, siku 60 moja ya nane. Mkichukua damu miezi miwili baada ya mavuno mapya mazuri, mtaandika kijiji kizima kuwa salama. Upande wa pili, anayekula kiasi kilekile kila siku hujikusanyia kwenye albumini mzigo wa kama siku 29 za ulaji, ambao ni hizo 20 kugawa kwa 0.693. Ndiyo maana albumini hulainisha mapandashuka ya kila siku, na ndiyo ninayoipendelea kwa saratani. Mkojo mwachieni mtu anayetaka kujua kama unga uliogawiwa wiki hii ni mbaya.

Kuna kiashiria kingine ambacho si cha ulaji bali cha madhara. Mwaka 1991 vikundi viwili vya watafiti, kimoja kikiwa na wagonjwa wa Qidong nchini China na kingine wa kusini mwa Afrika, viliripoti kwamba saratani nyingi za ini zao zilikuwa na kosa lilelile kwenye jini la TP53: kodoni ya 249, G imegeuka T, asidi amino ya ajinini imekuwa serini. Saratani za ini za nchi zisizo na sumukuvu nyingi hazina alama hiyo ila kwa nadra. Siku hizi inaweza kutafutwa hata kwenye DNA inayoelea katika plazma, bila kumtoboa mtu ini. Ila msiichanganye na hizo nyingine: hii inasema kidonda kimeshaanza, zile zinasema mwiba umechoma.

Twende uwandani. Mililita 5 za damu kutoka kwenye mshipa zinatosha na kubaki. Iacheni igande dakika 30 hadi 60 kivulini, ndipo izungushwe kwenye sentrifuji dakika 10 hadi 15, kisha seramu, yale maji yanayobaki juu ya damu iliyoganda, igawanywe kwenye vichupa vinne vya nusu mililita. Kwa nini vinne na si kimoja cha mililita mbili? Kwa sababu kila mara mnapotaka kupima kitu mtayeyusha kichupa kimoja tu, vingine vikibaki vimelala. Seramu iliyoyeyushwa na kugandishwa mara tano si seramu ile mliyoichukua. Ikiwa nyekundu, chembe zimepasuka. Iandikeni hivyo kwenye daftari, msiitupe kimyakimya, kwani vichupa vyekundu mara nyingi hutoka kwa mchukua damu mmoja au kituo kimoja, na hilo litawasaidia baadaye. Baridi ya nyuzi 80 chini ya sifuri ndiyo ya kuhifadhia miaka. 20 chini ya sifuri inavumilika kwa muda. Friza iwe na jenereta, na jenereta iwe na mafuta. Hili la mafuta si mzaha.

Mkojo uchukuliwe wa kwanza wa asubuhi, ukae mbali na jua kwa sababu mwanga huivunja sumukuvu, na krietinini, taka ambayo mwili huitoa kwa kiasi karibu sawa kila siku, ipimwe pamoja nao. Aliyekunywa maji mengi mkojo wake umezimuliwa. Bila kugawanya kwa krietinini mnapima kiu ya mtu.

Lebo ziandikwe kwa kalamu isiyofutika kwa spiriti, au zichapishwe kwenye karatasi inayohimili baridi kali. Gundi ya kawaida hubanduka kwenye friza, na asubuhi mnakuta lebo 200 chini ya sanduku na vichupa 200 uchi. Hakuna takwimu ya kuokoa hilo.

Maabarani, albumini hutengwa, ikapimwa kiasi chake, ikamegwa kwa kimeng'enya cha protisi hadi lisini iliyonaswa na sumu iachie, ikachujwa kwenye safu yenye kingamwili, kisha ikasomwa kwa mashine ya kupima uzito wa molekuli. Jibu hutoka kwa pikogramu kwa miligramu ya albumini. Kuna njia ya bei nafuu ya ELISA, na kazi nyingi za Afrika Magharibi zilifanywa kwayo. Ni njia nzuri. Ila husoma juu zaidi, kwa kuwa kingamwili yake hushika jamii nzima ya vipande vya sumukuvu, wakati mashine huhesabu kimoja tu. Mtu akiweka takwimu za ELISA za nchi moja kando ya takwimu za mashine za nchi nyingine na kutangaza nani ana hali mbaya, amelinganisha debe na pishi.

Mpangilio wa kupima ndio unaoharibu kazi nyingi nzuri. Mgonjwa na wenzake wa kulinganishia, waliooanishwa kwa umri, jinsia, kijiji na mwezi wa kuchukuliwa damu, wapimwe kwenye sahani moja ya maabara, siku moja, na mpimaji asijue nani ni nani. Wagonjwa wakipimwa Januari na wasio wagonjwa wakapimwa Machi kwa kemikali mpya, tofauti mtakayoiona huenda ni ya kemikali. Katika kila sahani wekeni seramu ileile ya mchanganyiko, na kati ya kila vichupa 100 ficheni 5 hadi 10 ambavyo ni marudio. Marudio yakipishana kwa zaidi ya asilimia 15, simamisheni kazi.

Na hatari nyingine: msichukue damu ya mtu aliyekwisha kuugua mkadhani inasema alivyokula kabla. Ini lenye saratani hutengeneza albumini kidogo, vimeng'enya vyake vimebadilika, na mwenyewe amepoteza hamu ya kula. Ndiyo faida ya mtindo wa Shanghai: damu ilitangulia, ugonjwa ukafuata.

Takwimu hizi zimeinama upande mmoja: wengi wana kidogo, wachache wana nyingi mno. Tumieni logi na wastani wa kijiometri. Walio chini ya kiwango cha kuonekana, kama ni wachache, wapeni kiwango hicho kugawa kwa kipeuo cha pili cha 2. Kwa kiwango cha 0.5 hiyo ni 0.35. Wakifika nusu ya watu wote, acheni kujidanganya, wagaweni tu kwa makundi.

Nakaa kidogo kwenye jambo moja ambalo wanafunzi hulipuuza. Kipimo kimoja cha damu si mtu mzima. Rudieni kupima baadhi ya watu baada ya miezi, mtafute ni sehemu gani ya tofauti yote ni tofauti kati ya mtu na mtu. Tuseme ni 0.5. Basi logi ya hatari mnayoiona ni nusu ya ile ya kweli: hatari ya kweli ya mara 3 itaonekana mara 1.73. Mwenye haraka ataandika kwamba sumukuvu haina madhara makubwa, kumbe kipimo chake kimepoozwa na kelele. Hiyo ni hesabu ya kawaida. Kinachohitajika ni bajeti ya kurudi kijijini mara ya pili, na hiyo ndiyo wafadhili huikata kwanza.

Huku kwetu viashiria hivi vimeshafanya kazi. Mlipuko wa watu kudhurika kwa sumukuvu wa 2004 mashariki mwa Kenya, uliopiga hasa Makueni na Kitui, ulikuwa na wagonjwa 317 na vifo 125. Uchunguzi ulilinganisha wagonjwa 40 na watu 80. Mahindi ya nyumba za wagonjwa yalikuwa na wastani wa kijiometri wa mikrogramu 354 kwa kilo, ya wengine 44, na kumbukeni kikomo cha sasa cha Afrika Mashariki ni 10 kwa sumukuvu zote na 5 kwa B1. Damu za wagonjwa nazo zilikuwa na sumukuvu-albumini nyingi zaidi, na virusi vya homa ya ini B vilionekana kwao zaidi.

Baadaye watafiti walitumia seramu 600 zilizobaki kutoka utafiti wa kitaifa wa UKIMWI wa Kenya wa 2007. Asilimia 78 zilikuwa na sumukuvu ya kuonekana. Mashariki ilikuwa juu, kiwango cha katikati pikogramu 7.87 kwa miligramu ya albumini, Bonde la Ufa 0.70, na Nyanza chini ya kiwango cha kuonekana. Hakuna aliyetobolewa upya. Ilihitajika tu kwamba fomu ya ridhaa ya mwanzo iruhusu matumizi mengine, basi andikeni kifungu hicho leo.

Tanzania, watoto 166 wa Iringa, Tabora na Kilimanjaro walifuatiliwa mwaka mmoja tangu wakiwa na miezi 6 hadi 14. Wastani wa sumukuvu-albumini ulipanda kutoka 4.7 hadi 12.9 hadi 23.5. Yaani kadiri titi lilivyopungua na uji wa mahindi ulivyoongezeka. Katika watoto hao, kudumaa kulihusiana wazi na fumonisini ya kwenye mkojo, sumu ya kuvu mwingine wa mahindi, kuliko na sumukuvu. Mkipima sumu moja tu, mtaitwika lawama za jirani yake.

Kuhusu majibu kwa washiriki: mwenye virusi vya homa ya ini B aambiwe na apelekwe kliniki, na wa nyumbani kwake wapimwe na kuchanjwa. Namba yake ya sumukuvu haimtabirii saratani yeye binafsi. Inasema kitu kuhusu kijiji na ghala, na huko ndiko ipelekwe.

Na je, kiashiria kikishuka, ugonjwa hushuka? Huko Qidong jaribio la watu 180, miligramu 100 za klorofilini, dawa itokanayo na rangi ya kijani ya mimea, mara tatu kwa siku kwa miezi minne, lilipunguza kipande cha DNA kwenye mkojo kwa asilimia 55. Hilo ni kiashiria, bado si saratani. Jibu la saratani lilitoka kwenye friza. Miaka ya 1980 watu wa Qidong waliacha mahindi wakahamia mchele. Seramu zilizohifadhiwa zilipopimwa, kiwango cha katikati cha sumukuvu-albumini kilikuwa 19.3 mwaka 1989, na kufikia 2009 kilikuwa chini ya 0.5, hakionekani tena. Vifo vya saratani ya ini navyo vilipungua, hata kwa rika lililozaliwa kabla ya chanjo ya homa ya ini B. Seramu ya 1989 iliwezekana kupimwa kwa mashine ambazo zilikuja baadaye kwa sababu kulikuwa na kichupa ambacho hakijayeyushwa.

Nawasikiliza maswali.