Jini ya zambarau nyumbani: kuloweka, siyo kupika

Karibuni jikoni. Leo tunatengeneza jini ya zambarau. Jini ya kunywa, siyo ya kupunga. Itachukua wiki nne hadi tano mpaka iwe tayari, lakini kazi yenyewe ya mikono haizidi saa mbili. Muda uliobaki ni wa kusubiri na kuonja, na kwenye kuonja ndiko wengi wanakoharibu.

Kwanza tuelewane: hapa hatupiki kitu. Hakuna pipa, hakuna mrija, hakuna moto. Kupika gongo bila leseni ni kosa kisheria, Tanzania na Kenya pia, na mvuke wa kileo ukikutana na jiko la gesi unalipuka. Sisi tunaloweka tu. Tunachukua vodka iliyokwisha kutengenezwa kiwandani, tunaitia viungo, inageuka jini. Kiungo kinachoipa jini jina lake ni juniperi, ambalo kwenye kamusi utalikuta kama tunda la mreteni. Ukiikosa, utapata vodka ya viungo, nayo si mbaya, ila usiwaambie wageni kwamba ni jini.

Chukua mzinga mmoja wa vodka, mililita 750, isiyo na ladha yoyote. Soma lebo: tunataka asilimia 40. Ya 35 inaweza kutumika kwa shida, na tukifika kwenye matunda utaona sababu. Nunua chupa yenye kizibo ambacho hakijaguswa na stempu ya kodi. Kileo kilichochanganywa na methanoli hukigundui kwa harufu wala kwa ulimi, na hakuna kiungo kinachoiondoa humo. Methanoli hupofusha na huua. Kile cha bei ya kushangaza kinachouzwa kwenye chupa ya maji, kiache hukohuko.

Sasa viungo. Juniperi kavu gramu 12, yaani kama vijiko viwili vya chakula. Utazipata kwenye maduka makubwa sehemu ya viungo, au uagize mtandaoni. Tazama hii hapa: ni kama njegere ndogo, nyeusi yenye ubuluu. Nikiiminya kwa vidole inapasuka na harufu yake ni ya utomvu, kama mbao mbichi ya msonobari. Ikiwa ngumu kama changarawe na hainuki, imezeeka dukani.

Swali ambalo lazima litakuja: je, tuchume za mtarakwa, ule wa nyanda za juu? Usichume. Ni jamaa ya mreteni lakini ni mti mwingine, na baadhi ya jamaa wa ukoo huo wana sumu. Kileo huchota sumu kwenye jani au tunda kwa bidii ileile kinayochotea harufu nzuri, kwa hiyo mmea usioujua kwa jina na kwa matumizi ya chakula usiingie kwenye chupa.

Ongeza mbegu za giligilani vijiko viwili vya chai, iliki mbili, pilipili manga punje nne, kipande cha mdalasini chenye urefu wa sentimita mbili, na ganda la ndimu moja. Karafuu, ukiipenda, tia moja tu. Mbili zitakupa kinywaji chenye harufu ya dawa ya meno.

Ganda la ndimu limenye kwa kisu chembamba, upate kijani peke yake. Hiki cheupe cha chini ndicho kichungu, na uchungu wake ukishaingia hautoki. Juniperi na giligilani ziponde kidogo kwenye kinu, zipasuke tu. Ukizisaga kuwa unga utahangaika kuchuja hadi kesho kutwa.

Chombo kiwe cha kioo, chenye mfuniko, lita moja. Plastiki hapana, kileo hunyonya harufu yake. Kioshe kwa maji ya moto na ukikaushe kabisa. Tia juniperi, giligilani na pilipili manga, mimina vodka yote, funika, tikisa, weka kabatini pasipo na mwanga. Iliki, mdalasini na ganda la ndimu bado, ziache pembeni.

Kosa kubwa la kwanza ni kutia kila kitu siku moja na kukitoa siku moja. Viungo havitoi ladha kwa mwendo mmoja. Juniperi inahitaji saa 36 hadi 48. Iliki na ganda la ndimu, usiku mmoja unatosha. Mdalasini, saa sita tu! Ukiuacha siku mbili, vodka yako itakuwa chai ya maziwa iliyokosa maziwa. Kwa hiyo jioni ya siku ya pili ndipo unatia iliki na ganda, na mdalasini unautia asubuhi ya siku ya tatu, saa sita kabla ya kuchuja. Onja kila unapoongeza kitu, na uonje ukiwa umechanganya kijiko kimoja cha jini na kimoja cha maji. Ikiwa kavu, ukali wa kileo unauziba ulimi na utadhani ladha bado haijakolea.

Chuja mara mbili: kwanza kwa chujio la chai, kisha kwa karatasi ya kuchujia kahawa au kitambaa safi cha pamba kilichokunjwa mara nne. Usikamue. Utaona rangi ni ya manjano, kama chai nyepesi sana. Hilo si kosa. Jini ya dukani ni nyeupe kwa sababu ladha yake imepitia kwenye mvuke na rangi imebaki nyuma. Yetu imelowekwa, rangi imekuja nayo. Na ukiichanganya na maji ikawa na ukungu, ni mafuta ya juniperi yanayojitenga kileo kinapopungua nguvu. Ukitaka ipungue, laza chupa kwenye friza usiku mmoja, kisha chuja tena ikiwa bado baridi.

Ungeweza kuishia hapa na ukanywa. Lakini tumekuja kwa ajili ya zambarau.

Unahitaji gramu 500 za zambarau zilizoiva hasa. Iliyoiva ni nyeusi kabisa, haina wekundu karibu na kikonyo, ukiigusa inaachia yenyewe. Angua kwa upembo, au mtikise tawi huku mmetandika shuka kuukuu chini. Msipande juu sana. Matawi ya mzambarau hukatika ghafla. Zilizookotwa chini ziacheni: zimepasuka, wadudu wamekwisha kuingia, nyingine zimeanza kuchacha. Mti ulio kando ya barabara kuu nao uruke, vumbi na moshi vyote vinakaa kwenye ganda. Na vaa nguo usiyoijali, doa la zambarau ni la kudumu.

Osha, toa vikonyo, tandaza kwenye taulo mpaka zikauke. Kisha zitie kwenye friza usiku kucha. Maji yaliyo ndani ya tunda yakiganda hutanuka na kuirarua nyama yake, kwa hiyo likiyeyuka linatoa juisi bila kupondwa. Tazama hapa kwenye bakuli: ganda limechanika lenyewe, na juisi ni nzito kama wino. Kama huna friza, toboa kila tunda mara nne kwa uma. Inachosha lakini inafanya kazi. Usilitie kwenye blenda, kwa sababu mbegu ikipasuka inaachia uchungu.

Weka matunda kwenye chombo cha lita mbili na umimine jini yote juu yake. Hapa ndipo asilimia zina maana. Gramu 500 za zambarau, ukiondoa mbegu, zina maji ya kiasi cha mililita 300, na maji hayo yote yanaingia kwenye kinywaji. Jini ya 40 inashuka mpaka karibu 28. Ya 35 inakaribia 25. Ukiwa na tamaa ukajaza kilo nzima, utakwenda mpaka karibu 22 kama ulianza na 40, na ukianza na 35 utashuka chini ya 20. Huko chachu inaweza kufufuka. Ukiona viputo vinapanda na mfuniko umevimba, usikaze: chombo kinaweza kupasuka. Fungua taratibu, mwaga, anza upya.

Tikisa kila siku kwa wiki ya kwanza, kisha mara mbili kwa wiki. Matunda yanaelea, na lile linalokaa juu bila kulowa ndilo linaloota ukungu. Onja kuanzia siku ya kumi na nne. Unachokitafuta ni tunda kuwa mbele na juniperi nyuma. Unachokikwepa ni kakasi, ule mkwaruzo unaokausha ulimi na fizi. Zambarau inayo tangu mtini, na kadiri inavyokaa ndani ndivyo inavyozidi kuiachia. Wiki tatu kwa kawaida zinatosha. Miezi mitatu, kama wanavyofanya Waingereza na tunda lao la mwituni liitwalo sloe, ni mingi mno kwa zambarau zetu, kwa maoni yetu.

Chuja bila kukamua. Sukari inakuja sasa, siyo mwanzoni, kwa sababu utamu wa tunda huujui mpaka umelionja. Anza na gramu 60, tikisa mpaka iyeyuke, lala nayo, onja kesho. Mara chache utahitaji kuvuka 120. Kakasi ikiwa bado ipo, sukari itaificha kidogo, na wiki mbili zaidi ndani ya chupa zitailainisha. Acha chupa itulie wiki moja, kisha mimina ya juu polepole na kuacha tope la chini. Hifadhi gizani, maana mwanga unageuza zambarau kuwa kahawia.

Kwenye glasi: barafu, toti mbili, yaani mililita 50, na maji ya soda. Sasa kamua ndimu robo na uangalie. Ile zambarau iliyokolea inageuka nyekundu inayong'aa papo hapo, kwa sababu rangi ya tunda hili hufuata ukali wa asidi.

Matunda yaliyobaki yamejaa kileo. Usiyaache mezani watoto wakayadhani ni zambarau za kawaida, wala usiwamwagie kuku. Toa mbegu, yachemshe na sukari kwenye moto mdogo, dirisha likiwa wazi, upate jamu ya wakubwa.