Barafu Inayogongwa kwa Chusa

Ndugu zangu, nianze na chusa. Mwindaji wa Kiinuit, wenyeji wa nchi za barafu za kaskazini ya dunia, anayevuka ghuba iliyoganda, akifika mahali asipopaamini, huipigilia ncha yake kwenye barafu kabla ya kukanyaga. Ikizama kwa pigo moja, anarudi nyuma. Ikigoma, anasogea. Huku anatazama rangi: barafu nyeusi ni changa na maji yako karibu; ikielekea weupe, imekomaa.

Barafu hiyo ya bahari wao huiita siku, neno linalolingana na letu kwa sauti tu. Ndiyo barabara yao. Nain, mji wa pwani ya Labrador nchini Kanada, hauna barabara ya kuutoa nje; kuni na nyama ya sili hufuatwa kwa kupita juu ya bahari iliyoganda.

Kisha ukaja msimu wa baridi wa 2009 hadi 2010, wenye joto lisilozoeleka. Wakazi walipohojiwa, karibu mtu 1 kati ya 12 alisema barafu ilimpasukia akatumbukia. Hao ni watu waliozaliwa juu yake! Tatizo ni kwamba dalili za zamani zilianza kudanganya. Theluji ikiwahi kuanguka juu ya barafu changa, huifunika kama blanketi. Baridi haishuki, barafu haikui, na macho yanaona weupe mtupu. Chini, kwenye mlango mwembamba wa bahari, mkondo wa bamvua unaendelea kuila.

Kutokana na msimu ule ukazaliwa mradi wa SmartICE. Boya husimikwa ndani ya barafu likiwa na vipimajoto toka hewani hadi majini. Tofauti za joto huonyesha unene, na taarifa hutumwa kwa setilaiti. Kifaa kingine hukokotwa kwenye sleji nyuma ya pikipiki ya theluji, kikipima njia nzima.

Lakini boya hupima pale liliposimama tu. Nani aseme lisimame wapi? Hapo ndipo mradi huu ulipopatia, kwa maoni yangu. Kule Mittimatalik, mji wa Kiinuit ulioko kaskazini kabisa mwa Kanada, kamati ya wenyeji iitwayo Sikumiut, yaani watu wa barafu, ndiyo inayoelekeza, kwa sababu wazee wanaijua mikondo kwa majina. Na kule Nain, maboya yenyewe yameundwa na mikono ya vijana wa mji.