Mgeni Huyu Anakuja Kufanya Nini?

Asanteni, kaeni. Waandaaji wameniomba nizungumzie upangaji wa safari za kitalii, na naona wengi mmefungua madaftari mkisubiri bei za lodji na umbali wa barabara. Hayo mtafundishwa ofisini wiki ya kwanza. Mimi nitasema lile ninalolisema kila nikipewa kipaza sauti hapa Arusha, na walionisikia zamani wanivumilie: hatumuulizi mgeni anakuja kufanya nini.

Tunamuuliza siku ngapi, watu wangapi, kambi au lodji, anakula nyama au hali. Halafu tunachukua ratiba ileile ya Tarangire, Serengeti na Ngorongoro, tunabadilisha jina na tarehe, tunamtumia na kumwambia tumeiandaa kwa ajili yake. Huko ni kumdanganya mtu, na mimi jambo hili linaniudhi.

Kuna mzee mmoja, mwalimu mstaafu wa jiografia kutoka mikoa ya kusini. Watoto wake walioko Dar es Salaam walichanga wakaamua kumzawadia safari. Kijana wao mkubwa akanipigia: "Tunataka ile ya kawaida, mzee aone simba." Nikaomba namba ya mzee mwenyewe. Kijana akashangaa, eti si zawadi tena. Nikamwambia zawadi ni yako, macho ni ya baba yako.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu."

"Mwalimu, ukifika huku kaskazini, kitu gani usipokiona utarudi umenuna?"

Hakusita. "Ukuta wa Bonde la Ufa. Nimeuchora ubaoni miaka yangu yote ya kazi, sijawahi kuuona."

Sasa niambieni, ile "ya kawaida" ingemfanyia nini mtu huyu? Ingempitisha pale juu ya mji wa Mto wa Mbu, dakika kumi za kupiga picha, twende, lango linatusubiri. Yaani kile alichokiota maisha yake yote kingekuwa mahali pa kuchimba dawa! Tukapanga upya. Tukaondoa Serengeti. Ndiyo, tuliiondoa, na kijana wake alilalamika sana. Tukamlaza chini ya ukuta wenyewe, tukamchukua barabara ya Engaruka hadi Ziwa Natron, akauone na Ol Doinyo Lengai, volkano hai pekee duniani inayotoa lava ya kaboneti ya sodiamu, inayotoka nyeusi na kugeuka nyeupe ikipata unyevu. Alikuwa anaijua yote hiyo kuliko sisi.

Njiani aliomba gari lisimame. Akashuka taratibu, magoti yanamsumbua, akasogea mbele ya Land Cruiser na kuanza kuchora kwa kidole kwenye vumbi la boneti: mipasuko miwili, na katikati ardhi iliyodidimia. Akamwita dereva: "Kijana, njoo. Wewe umesimama hapa katikati. Ule kule ndio huu mstari." Dereva wetu amepita barabara ile tangu ujana wake. Akaanza kuuliza maswali, mzee akajibu, na hatukuondoka pale upesi. Na Ngorongoro tulimpeleka pia. Wenzake ndani ya gari walitafuta faru, yeye alikuwa anaangalia kingo za mlima ulioporomoka wenyewe na kuacha bakuli la kilomita za mraba kama 260. Simba walipita karibu kabisa. Akawatazama, akafurahi, kisha akarudi kwenye kingo zake.

Mtaniambia huyo ni mwalimu, wageni wa kawaida wanataka simba tu. Sikubali. Anayetaka simba naye ana sababu, na sababu hiyo ndiyo inayopanga siku zake. Alikuja mkunga kutoka Uholanzi, ameambiwa kwingine aje Agosti kwa sababu "ndio msimu wa nyumbu". Agosti nyumbu wako Kogatende, kaskazini mwa Serengeti, wanavuka Mto Mara, na kuvuka kwenyewe hakuna anayeweza kukuandikia siku. Lakini yeye alitaka kuona ndama akizaliwa na kusimama kwa miguu yake dakika chache baadaye! Hayo yako Ndutu, kule kusini, Februari. Swali moja tu lilihamisha safari yake kwa nusu mwaka.

Mwingine atasema kuuliza kunapoteza muda na bei itapanda. Simu inagharimu nini? Tena mara nyingi bei inashuka, kwa sababu unagundua mtu hahitaji hifadhi nne kwa siku tano. Kutoka hapa hadi Seronera, katikati ya Serengeti, kwa gari ni siku nzima, na baada ya Loduare, lango la kuingilia Ngorongoro, mnaijua wenyewe ile barabara ya vumbi. Mama anayetaka kukaa na binti yake ambaye hawajaonana mwaka mzima, mpeleke Hifadhi ya Ruaha, kambi moja, usiku nne, waamke wanapotaka. Usimuuzie vumbi.

Naonyeshwa saa. Nilitaka niseme mengi kuhusu wageni wetu wa ndani, maana Mtanzania akipiga simu tunamjibu kama anayetusumbua. Basi niseme tu kwamba yule mzee wa boneti ni Mtanzania.

La mwisho, haraka. Sababu ya mgeni ukishaijua usiifungie ofisini. Dereva anapewa karatasi yenye majina, vyumba na saa za kuondoka, basi, halafu tunashangaa akikimbizana na magari mengine redio ya madereva ikitangaza chui. Andika juu kabisa ya karatasi hiyo, kabla ya majina: huyu amekuja kwa ajili ya hili. Na mpigie dereva usiku wa kuamkia safari, umsomee, umsikie akikurudishia kwa maneno yake mwenyewe. Haya, maswali.