Maswali ya Mwelekeo: Chukua Karatasi Tuchore

Karibuni tena. Leo ni yale maswali ya "alitembea mita kadhaa, akageuka kulia". Shika karatasi na penseli, maana kichwani yanachanganya.

Pembeni chora msalaba mdogo: kaskazini juu, kusini chini, mashariki kulia, magharibi kushoto. Haya, swali hili hapa.

Asha anatembea mita 12 kwenda kusini. Anageuka kushoto, anakwenda mita 9. Anageuka kushoto tena, anakwenda mita 24. Yuko umbali gani, na upande gani wa alipoanzia?

Weka nukta, iite M. Shusha mstari wa 12. Sasa taratibu, hapa ndipo wengi wanapoteleza: kushoto ni kwa Asha, si kwako. Yeye anaelekea chini, kwa hiyo kushoto kwake ni kulia kwa karatasi yako. Ikikutatiza, izungushe karatasi mpaka mshale uelekee mbele yako, ndipo ugeuke naye. Umeona? Ni mashariki. Chora 9. Kushoto tena ni kaskazini, pandisha 24.

Alishuka 12 akapanda 24, kwa hiyo yuko 12 juu ya usawa wa M, na 9 mashariki. Unganisha na M, unapata pembetatu mraba. Kanuni ya Pythagoras inamaliza kazi: zidisha kila upande mfupi kwa wenyewe, jumlisha, tafuta kipeuo cha pili. 9 mara 9 ni 81, 12 mara 12 ni 144; 81 jumlisha 144 ni 225, kipeuo cha pili ni 15. Mita 15, kaskazini-mashariki. Ukiikariri 3-4-5, yaani pembetatu mraba yenye pande 3, 4 na 5, hukokotoi hata kidogo. Hii ni hiyohiyo mara tatu.

Usitie alama bado. Soma tena sentensi ya mwisho ya swali. Wangeuliza M iko upande gani wa Asha, jibu lingekuwa kusini-magharibi. Wangeuliza anaelekea wapi, ni kaskazini tu. Watunzi wanaupenda sana mtego huu.

Ukipewa nyuzi, jumlisha za kulia, toa za kushoto, kisha geuka mara moja. Unatazama magharibi, unageuka nyuzi 135 kulia, halafu 90 kushoto: zinabaki 45 kulia, yaani kaskazini-magharibi.

Vivuli navyo ni rahisi: asubuhi huangukia magharibi, jioni mashariki. Simamisha video ujaribu: ni asubuhi, kivuli chako kiko mkono wako wa kulia. Unatazama wapi?

Kusini.