Kwa Nini Moto Hauwaki Mirihi

Asanteni, kaeni. Tazameni mshumaa huu. Naufunika kwa glasi, tungoje kidogo... Haya, umezimika. Nta ipo, utambi upo. Shuleni tuliambiwa oksijeni imekwisha. Wapi! Nyingi bado imo humo. Hewa tunayovuta ina oksijeni asilimia 21. Ikishuka hadi kama 16, mshumaa unakata roho ilhali wewe bado unahema. Moto unadeka kuliko mtu.

Sasa twende Titan, mwezi mkubwa wa Zohali. Kule kuna maziwa ya methani, gesi ileile inayotoka kwenye mtambo wa samadi. Ukiwasha kibiriti, si mwezi mzima utalipuka? Hata. Anga yake karibu yote ni naitrojeni. Kichwa cha njiti huenda kikamemetuka, maana kina oksijeni yake kwenye kemikali kilichopakwa, kisha giza.

Na joto peke yake halifui dafu. Zuhura ina nyuzi zaidi ya 460, risasi inayeyuka, na hakuna ndimi za moto. Hata lava ya Nyiragongo iliyoingia Goma Januari 2002 ni mwamba ulioyeyuka. Moto ulikuja ilipogusa nyumba na miti.

Kilichokosekana Titan na Zuhura ni majani mabichi. Jani hutumia jua kutenganisha vitu: oksijeni linaiachia hewani, kaboni linaiweka kwenye ubao. Mama anayepepea jiko anavikutanisha tena vile vilivyotenganishwa. Ndiyo maana hata hapa moto ulichelewa. Dunia ina miaka kama bilioni 4.5, lakini mkaa wa kale kabisa uliopatikana miambani una miaka kama milioni 430 tu. Sehemu tisa kati ya kumi za umri wake, radi zilipiga na hakuna kilichowaka nyikani.

Naona kijana pale nyuma anauliza: wataokwenda Mirihi watapikaje? Swali zuri. Anga ya kule ni hewa ukaa asilimia 95. Kati ya 2021 na 2023, kifaa kilichobebwa na gari la Perseverance kilikamua humo oksijeni gramu 122 kwa jumla. Nimepiga hesabu: zinaunguza mkaa gramu 46 hivi, na mkaa wenyewe utoke nao huku. Maharage hayaivi.