Jina lililotoka kwenye hadubini

Shikamooni wazee wangu. Wadogo zangu, hamjambo? Na wale wa kwetu, mwangaluka.

Ninashukuru mmekuja leo, Siku ya Selimundu Duniani. Najua wapo waliovuka na kivuko cha Kamanga alfajiri hii, na upepo wa ziwa mwezi wa Juni si wa kuchezea kwa mtu mwenye selimundu, ugonjwa huu wetu wa damu. Nawaona mliovaa masweta. La kwangu liko pale kwenye kiti.

Nimeombwa nizungumze juu ya namna sisi wenye hali hii tunavyojieleza na tunavyojiona. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, si daktari. Nitasema ya damu kwa kadiri nilivyoyajua baada ya miaka arobaini na mitatu ya kuishi nayo, lakini kazi yangu ni maneno, na huko ndiko nitakakokaa zaidi.

Hapa Mwanza, kuanzia Igoma mpaka Kirumba, mtu atakwambia "sikoseli". Kipeperushi cha kliniki kitasema "selimundu". Bibi yangu hakujua hata moja kati ya hayo. Yeye alisema, "Huyu mtoto damu yake haikai." Nilipokuwa msichana sentensi hiyo ilinikera, niliiona ni ya kishamba. Baadaye nikasoma kwamba chembe nyekundu za damu ya mtu wa kawaida huishi kama siku 120, na za kwetu huvunjika baada ya siku kumi hadi ishirini hivi. Damu yangu haikai kweli. Bibi, ambaye hakuwahi kushika kalamu, alilisema jambo hilo sawasawa kwa kuniangalia tu: nimepauka, macho yana umanjano, ninachoka kabla ya wenzangu kufika kisimani.

Sasa hili jina la mundu lilitoka wapi? Lilitoka kwenye hadubini. Mwaka 1910 daktari mmoja wa Chicago, James Herrick, aliandika habari za kijana aliyekuwa akisomea udaktari wa meno, mwenyeji wa kisiwa cha Grenada. Waliitazama damu yake wakaona chembe zilizopinda, zimekuwa ndefu, mfano wa mundu. Katika andiko lile tunasoma habari za chembe zake, kikohozi chake, vidonda vya miguuni mwake. Jina lake halimo. Alikuwa anaitwa Walter Clement Noel. Alimaliza masomo, akarudi kwao, akafungua kazi ya kutibu meno, akafariki mwaka 1916. Mimi kila mwaka siku hii ikifika namkumbuka yeye kuliko Herrick, kwa sababu ningependa kujua alikuwa akiwaambia nini rafiki zake usiku, mifupa ilipokuwa imeshika.

Maana umbo la chembe hatulisikii. Hakuna hata mmoja wetu humu aliyewahi kuamka usiku akasema, "Mama, chembe zangu zimepinda." Tunachosikia ni maumivu. Huko Ghana, kabla ya hadubini yoyote, watu wa kabila la Waga walikuwa na jina lao, "chwechweechwe". Aliyelieleza jina hilo kwa madaktari wa dunia ni daktari wa hukohuko, Felix Konotey-Ahulu, ambaye familia yake mwenyewe ina hali hii na aliifuatilia kizazi kwa kizazi mpaka karne ya 17. Lisemeni neno hilo kwa sauti. Chwe-chwee-chwe. Linauma likiwa bado mdomoni, linarudi na kurudi. Hilo ni jina lililotolewa na mtu anayeumwa, au na mama aliyekaa kitandani kwake.

Selimundu silichukii, nalifundisha. Ila mama mmoja aliwahi kunivuta pembeni akaniuliza kama kuna kitu kinamkatakata mwanawe ndani kwa ndani. Alikuwa amelala na picha hiyo wiki nzima. Mundu kwetu ni chombo cha kuvunia mpunga, mtu akilisikia neno anaona makali. Nikamwambia, mama, hakuna kinachokata. Wewe umeyaona magugu maji? Yakijazana pale mwaloni mitumbwi haitoki wala haiingii, na samaki walio chini wanakosa hewa. Chembe zile zikikunjamana zinakuwa ngumu, zinanata, zinaziba mishipa midogo, na sehemu iliyo mbele ya hapo inakosa hewa. Ndipo mfupa unalia. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kwa hiyo maji na joto ni kufungua njia." Nadhani tangu siku hiyo hajasahau kumnywesha mwanawe maji.

Sasa tuingie kwenye sarufi, mnivumilie, ndiyo kazi yangu.

Kiswahili kinatupa njia nyingi za kusema jambo hili na hazilingani. Kuna "yule ni sikoseli". Neno "ni" linafanya mtu na ugonjwa kuwa kitu kimoja, kama vile "yule ni mwalimu". Kuna "mgonjwa wa sikoseli". Nilipokuwa darasa la tano mwalimu alikuwa akiita majina, akifika kwangu anauliza, "Mgonjwa wetu yupo?" Alikuwa na huruma, simlaumu. Lakini mimi siku hiyo nilikuwa mzima, nimekimbia kutoka nyumbani, nimefanya hesabu zote. Kuna "anaumwa sikoseli". Hili nalipenda zaidi kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu kuumwa kuna mwanzo na kuna mwisho. Ninaumwa leo, kesho siumwi. Na angalieni, "kuumwa" ni kufanyiwa: kuna kinachouma na kuna anayeumwa, ni wawili, si mmoja. Halafu kuna "mwenye selimundu". Mwenye nyumba, mwenye shamba, mwenye mji. Mwenye kitu ana amri nacho. Kijana mmoja wa Buzuruga, dereva wa bajaji, aliniambia hilo ndilo analolitumia: "Mwalimu, hii sikoseli ni yangu, mimi si wake."

Sisemi kila mtu atumie hilo. Ninasema kila mtu achague akijua anachokichagua.

Utotoni nilikuwa na jina jingine, Sweta. Wenzangu walikuwa wakiingia ziwani kuogelea, mimi nakaa juu ya jiwe nikiwa nimefungwa vifungo mpaka shingoni, maana maji baridi yalikuwa yakiniletea maumivu usiku uleule. "Sweta, tushikie nguo!" Mama alikasirika alipolisikia. Mimi sikukasirika. Lilikuwa jina la jambo ninalolifanya, sawa na anayeitwa Mrefu au Kipara. Lililoniumiza ni lile walilolisema wakubwa kwa sauti ya chini, kwamba huyu kumi na nane hatafika. Hilo halikuwa jina lakini niliishi ndani yake. Sikujifunza kushona wala kuweka akiba, kwa sababu nilikuwa na tarehe. Nilipofikisha kumi na tisa nilikaa kitandani nikajiuliza, haya, sasa nifanye nini? Wazazi, hii tarehe msiwape watoto wenu. Chanjo, penisilini tangu uchanga, kinga ya malaria, na siku hizi haidroksiyurea, dawa ya kupunguza mashambulizi ya maumivu, vimewabadilishia watoto wengi safari yao. Wapo watu wa umri wangu na zaidi humu ukumbini, geukeni muwaone.

Nije kwenye jambo ambalo kwangu ndilo zito. Namna unavyojieleza ndiyo inayoamua utatibiwaje. Miaka kadhaa iliyopita nilifika hospitali moja usiku, maumivu yako mgongoni na kwenye mapaja, sijalala siku mbili. Nilikuwa nimetulia, kwa sababu nimezoea kutulia. Muuguzi akaniuliza, maumivu ni mangapi kati ya moja na kumi? Nikasema tisa. Akaniangalia, akamwambia mwenzake mbele yangu, "Hawa wameshazoea sindano." Nikasubiri mpaka asubuhi. Hawa. Tazameni neno hilo lilivyofanya kazi. Sikuwa tena mwanamke fulani, mwalimu, mwenye namba ya faili. Nikawa "hawa".

Tangu hapo nikaanza kujiandalia maneno. Sisemi tisa tena. Nasema: "Haya ni yale ya kunifanya nisiweze kugeuka kitandani. Yalianza jana saa mbili usiku, kwenye paja la kushoto. Nyumbani nimekunywa dawa hii na hii, hayakushuka. Kifua hakibani, homa sina." Nayasema nikiwa nimeyaandika kwenye karatasi, maana ikishafika tisa hata Kiswahili kinakimbia. Wauguzi mliokuja leo, na nawashukuru sana kuja, mtu wa selimundu anaweza kuwa anapiga soga au anachezea simu, na bado mfupa wake unamla. Hafanyi maigizo. Hivyo ndivyo alivyojifunza kuuvuka usiku.

Na sisi wenyewe tuna msamiati wetu, ambao haujaandikwa popote. Nyumbani kwetu tulisema "mifupa imeamka". Binti mmoja wa Kirumba anasema "nimebanwa". Mwingine anasema "wageni wamefika", na mama yake akisikia hivyo anaweka maji ya moto jikoni bila kuuliza zaidi. Ni lugha kamili hiyo.

Kuna pia lugha ya lawama, na hii nitaipitia haraka kwa sababu inanitia uchungu. "Umetuletea damu mbaya." Wakwe humwambia mke. Jamani, mtoto hupata hali hii akichukua kinasaba kimoja kwa baba na kimoja kwa mama. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, yaani kila mmoja ana kinasaba kimoja bila yeye kuumwa, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne. Baba hawezi kujitoa. Na tofauti yenyewe, mimi kama mwalimu wa lugha hunishangaza kila nikiifikiri: katika mnyororo mmoja wa himoglobini, ile protini ya damu inayobeba hewa, wenye vipande 146 viitwavyo asidi amino, kilichobadilika ni kimoja, cha sita. Katika maandishi ya kinasaba ni kosa la herufi moja. Baba ikawa bata.

Kwa nini herufi hiyo imebaki huku kwetu? Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa Afrika Mashariki kati ya mwaka 1949 na 1954. Akaona kinasaba hiki ni kingi pwani na kando ya ziwa hili letu, na ni kichache sana nyanda za juu. Ramani yake ilifuata mbu. Mwenye kinasaba kimoja tu ana kinga dhidi ya malaria kali. Sisi wenye viwili hatuna kinga hiyo, malaria inatuua upesi, mtu asinisikie vibaya. Lakini fikirini. Vizazi na vizazi, kando ya maji haya, watoto wengi walivuka miaka mitano kwa sababu ya kinasaba kilekile kinachoniuma mimi. Mjomba wangu alikuwa akisema kuna laana katika ukoo. Nilipomweleza haya alikaa kimya muda mrefu, halafu akauliza, "Kwa hiyo waliopona walipona kwa ajili yenu?" Sikujua nimjibu nini, na mpaka leo jibu sina. Lakini neno laana hajalirudia.

Vijana siku hizi wanajiita "mashujaa wa selimundu". Wameliandika kwenye fulana, nawaona pale nyuma, mmependeza. Nitasema ukweli wangu, mnisamehe. Neno hilo limewapa wengi nguvu ya kusimama na kusema hadharani, jambo ambalo kizazi changu hakikuthubutu, na kwa hilo naliheshimu. Ila shujaa halii. Shujaa haombi likizo kazini. Kuna dada mmoja aliniambia alikaa na maumivu siku tatu bila kumwambia mumewe, kwa sababu mumewe huwa anamtambulisha kwa wageni kwa kujivunia, "huyu ni shujaa." Vaeni fulana. Lakini siku ukitaka kuivua na kulia, ivue.

Mwanafunzi wangu mmoja, naye ana selimundu, aliniuliza swali mwaka jana. Mwaka 2023 Uingereza, kisha Marekani, waliidhinisha tiba ya kuhariri kinasaba. Kupandikiza uloto, yaani ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, nako kumeanza hapa nchini, watoto wametibiwa Dodoma. Akaniuliza: "Mwalimu, wakikuponya, utakuwa nani?" Nilicheka kwanza. Halafu nikashindwa kulala. Ningelipokea tiba hiyo kesho asubuhi, hilo halina mjadala, nisingeuliza hata nauli. Lakini namna ninavyomsikiliza mtu anayeumwa, kunusa mvua kabla haijafika, kutopoteza siku nzuri hata moja, hayo nimeyapata humu humu. Nilimwambia sijui nitakuwa nani, ila ningependa sana kujua. Yeye akasema, "Mimi nitaogelea mpaka Saanane." Saanane mnaijua, ni kile kisiwa hapo mbele. Tayari alikuwa amepima umbali.

Muda wangu umekwisha, naona ninaonyeshwa saa. Kwenye meza pale mlangoni kuna karatasi na kalamu. Kila mwenye hali hii, au mzazi wake, aandike neno wanalolitumia nyumbani maumivu yanapokuja, na neno analopenda aitwe. Kisukuma, Kikerewe, Kijaluo, Kihaya, Kiswahili, lugha yoyote. Msiandike majina yenu. Nitayakusanya nikayapeleke kwa wauguzi wa kliniki, wayajue. La kwanza nimeshaliandika mimi, ni la bibi. Chai iko tayari, na ni ya moto.