Mkutubi Hana Kazi Mfukoni

Nawashukuru kwa kunialika. Nilimwomba mwenyekiti abadilishe neno moja kwenye tangazo la leo, maana lilisema nitazungumzia "koneksheni". Hapa kwetu ukitaja koneksheni, kila mtu anamwona mjomba aliyeko ofisini. Mimi nimekuja kuzungumzia kujuana na wakutubi, kwa ninyi mnaoitamani kazi ya maktaba, na mkutubi hana kazi mfukoni.

Nafasi za serikali, za maktaba zikiwemo, hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira. Unaomba kwenye mfumo, unasubiri kuitwa kwenye usaili, unapambana na wenzako. Yule mama unayemkuta kaunta hana mlango wa kukupitishia. Wapo wanaosononeka wakisikia hivyo. Mimi naona ni nafuu: kwa kuwa hana cha kukupa, anaweza kukaa na wewe bila kukukwepa.

Mwenyewe sikulijua hilo. Nilipomaliza kidato cha sita nilizunguka mjini na bahasha ya kaki yenye nakala za vyeti. Katika maktaba moja waliipokea, wakagonga muhuri, kimya. Mwezi wa pili nikaenda kuulizia. Bahasha ilikuwa juu ya kabati, imekaliwa na chupa ya gundi. Aibu ikanishika, nikajitia ndani ya chumba cha kusomea kama mtu aliyefuata kitabu. Mzee mmoja aliyekuwa anarudisha vitabu rafuni akaniuliza natafuta nini. Nikamtupia swali la kwanza lililonijia: mbona vitabu vya sarufi ya Kiswahili viko huku na diwani za mashairi ya Kiswahili ziko kule, na lugha ni hiyo hiyo?

Mzee aliacha toroli lake palepale. Akanipeleka kwenye kitabu cha sarufi, akaweka kidole kwenye lebo ya mgongoni: 496.392. Tukavuka chumba hadi kwenye diwani: 896.392. "Tazama mikia," akasema. Nne ni lugha, nane ni fasihi, na mkia ule ule unakuambia ni Kiswahili. Akanieleza kwamba mpango huo wa kupanga vitabu kwa namba ulitungwa na Mmarekani, Melvil Dewey, mwaka 1876, ndiyo maana Kiingereza kimepewa 420 nzima, na lugha za Afrika zimebanana ndani ya 496. Jambo hilo lilimuudhi waziwazi. Nami nikajua nimekutana na mtu anayeipenda kazi yake kiasi cha kugombana nayo. Tulipoagana akaniambia nije kesho saa nane, muda huo kaunta huwa haina watu.

Kwa hiyo ukienda, nenda na swali linalohusu kazi yenyewe. Ukisema "naomba ushauri kuhusu ukutubi" utajibiwa kwa dakika mbili na kuelekezwa chuoni. Uliza kitabu kikishuka kwenye boksi kinapita mikono ya nani hadi kifike rafuni. Uliza wanajuaje kimepotea, kumbe pengine kimekosewa rafu tu, maana kwetu wakutubi hayo mawili ni kitu kimoja. Kisha omba kuonyeshwa chumba cha nyuma, wanakoorodhesha vitabu. Huko utaona mihuri, lebo, vumbi, na huenda Koha, programu ya kuendeshea maktaba, kwenye skrini. Ilianzia New Zealand, ni ya bure, unaweza kuijaribu nyumbani. Wengi wanaoitamani kazi hii kwa sababu ya utulivu hubadili mawazo wakiona maboksi ya kubeba na wanafunzi wa kufuatilia warudishe vitabu.

Na usiishie maktaba moja. Maktaba Kuu ya Taifa pale Barabara ya Bibi Titi, aliyoifungua Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967, ina watoto wanaosoma na pia wachapishaji wanaofuata ISBN, namba za kutambulisha vitabu vyao. Maktaba ya Taifa ya Kilimo ya Sokoine, Morogoro, ni dunia nyingine kabisa, ya watafiti wa mbegu na mifugo. Wanafunzi wa chuo cha ukutubi Bagamoyo nao wasikupite. Aliyekutangulia mwaka mmoja atakuambia mambo ambayo mwalimu atayapaka sukari. Mikutano ya chama cha wakutubi ni mizuri, ila faida iko kwenye foleni ya chai.

Adabu mnaijua, nitagusa tu. Usiende msimu wa mitihani. Mkutubi wa umri wa mama yako usimwandikie "mambo". Namba ya simu usiiombe siku ya kwanza. Ukipewa, tuma shukrani siku hiyo hiyo kwa mstari mmoja, kisha nyamaza mpaka uwe na la kusema: "Shikamoo mama, kile kitabu ulichonielekeza nimekimaliza, nina swali."

Nilikwenda kwa yule mzee karibu mwezi mzima, kila saa nane. Siku ya mwisho aliichomoa bahasha yangu chini ya gundi, akaifuta kwa kiganja, akanirudishia. Nakala zinagharimu hela, akasema, kazitumie kwingine.